Nani Ameshika Shoka?

Kuna usemi ambao nimeusikia mara nyingi katika semina, redioni na kwenye mikutano ya vijiji: kwamba umaskini ndio adui mkubwa wa misitu. Usemi huu hutolewa kwa sauti ya huruma, na kwa kawaida hutolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe si maskini. Ukiuchambua, maana yake ni kwamba maskini hukata miti kwa kuwa hana budi na pia kwa kuwa hajui athari zake. Kwa hiyo msitu utapona siku maskini atakapokuwa hayupo tena, ama kwa kutajirika, ama kwa kufukuzwa humo msituni.

Sikusudii kuubeza usemi huu, kwani una ukweli wake. Mwenye njaa haambiwi habari za mvua ya miaka hamsini ijayo. Hata hivyo, kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kama ukweli huo mdogo haufuniki ukweli mwingine mkubwa zaidi. Watu wasio na fedha wameishi kando ya misitu kwa karne nyingi bila kuimaliza. Walikata miti ya kujengea, wakaokota kuni, wakarina asali, wakalima na kuhama, na msitu ukabaki. Umaskini wa mfukoni ni jambo la kale. Kasi ya kuteketea kwa misitu tunayoiona sasa ni jambo jipya. Jambo la kale peke yake haliwezi kuwa sababu ya jambo jipya. Pana kitu kimeongezeka katikati.

Mimi naamini kitu hicho ni umbali uliopo kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Katika kurasa hizi nataka kuuliza swali ambalo ni la maadili kabla ya kuwa la wataalamu wa misitu: msitu unapoanguka, kosa ni la nani? Na je, inawezekana kuuokoa msitu huku tukiuacha umbali huo kama ulivyo?

Nianze na kitu kilichomo jikoni mwa wengi wetu, yaani mkaa. Tanzania Bara ina misitu na mapori yenye ukubwa wa hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya ardhi yote, kwa mujibu wa tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015. Tathmini hiyo ilikadiria kwamba tulikuwa tunapoteza zaidi ya hekta 370,000 kila mwaka, na makadirio yaliyofuata yakapanda juu ya hapo. Sehemu kubwa huenda kwa ajili ya mashamba, na sehemu nyingine hugeuka mkaa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nchi inatumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake inaishia Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za jiji hilo zilizotegemea mkaa kama nishati yao ya kwanza zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Na kwa kuwa tanuri la udongo hutoa tani moja au mbili tu za mkaa kutoka katika tani kumi za kuni, kila gunia tunaloliona kando ya barabara limeacha nyuma yake mlima wa miti ambao hatukuuona.

Ni nani huyu anayechoma? Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda mazishini upande wa Kisarawe, na siku ya pili, nikiwa nimekaa barazani, alipita mtu wa makamo akikokota baiskeli yenye magunia matatu. Alinisalimu, nikaitikia, akaomba maji ya kunywa. Tulipozoeana kidogo nikamuuliza, kwa upole niliouweza, kama haoni kwamba miti inakwisha.

"Naona, mzee wangu," akasema. "Mimi ndiye ninayetembea kuifuata. Zamani tanuri nilikuwa nalipanga nyuma ya nyumba. Sasa natoka alfajiri, nafika jua limepanda."

"Sasa kwa nini usiiache ile michanga ikue?"

Akacheka, tena bila kejeli. "Mti nikiuacha leo, kesho nitaukuta? Kuna wenye lori. Wao hawaulizi mti una umri gani."

Jibu hilo sijaliacha hadi leo. Mtu yule hakukosa elimu ya mazingira. Aliujua msitu ule kuliko mimi, na hasara yake aliihesabu kwa miguu yake mwenyewe. Alichokosa ni uhakika. Alijua kuwa akiuhurumia mti, huruma yake itavunwa na mwingine mwenye nguvu kuliko yeye. Na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba subira, ambayo sisi tuliofundishwa dini na adabu tunaihesabu kuwa fadhila ya moyo, pia ni aina ya mali. Mwenye akiba anaweza kusubiri miaka kumi mti ukomae. Mwenye hati ya ardhi anaweza kusubiri, maana anajua atakachokipanda atakivuna. Asiye na akiba wala hati, subira yake huliwa na wengine. Kumhubiria subira mtu wa namna hiyo ni kumwomba sadaka mtu anayestahili kupewa.

Hebu sasa tuufuate mkaa wenyewe hadi mjini. Mchomaji huuza gunia kando ya barabara kwa bei anayotajiwa, kwa sababu hana usafiri na mkaa ukinyeshewa ni hasara yake. Dalali analichukua, mwenye lori analibeba, njiani kuna ushuru wa halali, na wakati mwingine kuna ule usio na stakabadhi. Likifika mjini, mwenye ghala anaongeza chake, na mwishoni muuzaji wa mtaani analigawa katika makopo na mafungu. Mchomaji, aliyepanda moshi kifuani mwake kwa wiki mbili, hupata sehemu ndogo ya bei ya mwisho. Na mnunuzi wa kopo, ambaye mara nyingi ni mama anayepika kwa fedha ya siku hiyohiyo, hulipa kwa kilo zaidi kuliko mtu mwenye uwezo wa kununua gunia zima. Yaani maskini wawili wako kwenye ncha mbili za mnyororo mmoja: mmoja anauza kwa bei ya chini kabisa, mwingine ananunua kwa bei ya juu kabisa. Faida iko katikati. Lakini tukizungumzia uharibifu wa misitu, hao wawili wa pembeni ndio wanaotajwa.

Mapema mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa. Nia ilikuwa njema, ila marufuku hiyo haikudumu, kwa kuwa watu wa mjini hawakuwa na cha kupikia badala yake na bei ilipanda. Mwenye mtungi wa gesi alisoma habari hiyo gazetini akakubaliana nayo. Mwenye jiko la mkaa aliisoma katika sufuria yake. Sheria moja, kwa watu wasiolingana, huwa sheria mbili. Tangu hapo tumejifunza kidogo: katazo la mwaka 2024 la kupikia kuni na mkaa lilianza na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100, ambazo angalau zina bajeti, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka huohuo unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema. Lakini gesi haiuzwi kwa kopo katika mitaa mingi, na asiyeweza kutoa fedha ya mtungi kwa mkupuo mmoja ataendelea kulipa zaidi, kidogokidogo, kwa mkaa. Umaskini ni ghali. Anayeujua ni yule anayeulipia.

Msomaji anaweza kuniambia: haya yote bado yanathibitisha kwamba maskini ndiye anayekata. Basi tuiache mikoa ya jirani na jiji twende kusini, ambako mambo yalijionyesha wazi zaidi.

Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Kwa watu wa Lindi na Mtwara, waliozoea kukwama mtoni siku kadhaa wakisubiri kivuko, daraja lile lilikuwa ukombozi wa kweli, na sitaki mtu yeyote anielewe kwamba nalilaumu daraja. Lakini barabara ikipatikana, hupitiwa kwanza na mwenye gari. Katika miaka ile biashara ya magogo ilivamia misitu ya Rufiji, Kilwa na kwingineko kusini. Mininga na mikongo iliyochukua miaka mingi kukua ilianguka kwa misimu michache na kupakiwa melini, hasa kwenda Asia. Shirika la TRAFFIC lilichapisha uchunguzi wake mwaka 2007, na kurasa zake si za kusoma kabla ya kulala. Ulionyesha kwamba magogo yaliyoandikwa kuingia China kutoka Tanzania yalikuwa kama mara kumi ya yale yaliyoandikwa kutoka hapa kwetu. Ulionyesha pia kwamba wanavijiji ambao misitu ilikuwa yao waliambulia sehemu ndogo mno ya thamani ya mbao zilizotoka kwao.

Je, ni umaskini uliokata magogo yale? Mkono ulioshika msumeno ulikuwa wa maskini, hilo halina ubishi. Kijana wa kijijini alilipwa ujira wa siku na akaona ni neema. Lakini mtaji, lori, kibali, meli na soko havikuwa vyake. Laiti kijana yule angekataa, angepatikana mwingine kabla ya jua kuchwa. Mwenye mtaji angekataa, mti ungebaki umesimama. Hii ndiyo tofauti ninayotaka tuione: katika kosa moja kuna mtu ambaye kukataa kwake kungebadili kitu, na kuna mtu ambaye kukataa kwake kungemwongezea njaa tu.

Ndugu zetu wa Kenya wanao ushahidi mwingine, na wao umefika hadi mahakamani. Msitu wa Mau, katika Bonde la Ufa, ni chanzo cha mito mingi, ukiwamo mto Mara unaowanywesha wanyama wa Serengeti kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Humo wameishi Waogiek tangu zamani, watu wa mizinga na uwindaji. Mwaka 2001 serikali ya wakati ule ilitenga zaidi ya hekta 60,000 za misitu ya nchi iondolewe katika hifadhi, sehemu kubwa ikiwa ya Mau, kwa maelezo kwamba ni kwa ajili ya kuwapa makazi wasio na ardhi. Miaka mitatu baadaye, Tume ya Ndung'u iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilieleza jinsi mashamba na misitu ilivyokuwa ikigawiwa kama zawadi za kisiasa. Jina la maskini lilitumika kufungua mlango, na walioingia wengi hawakuwa maskini.

Kisha yakaja majuto ya mito kupungua, na yakaja matangazo ya kuwaondoa watu. Mwezi Oktoba 2009 Waogiek nao walipewa siku 30 wahame, pamoja na wengine. Walikwenda kushtaki, na shauri lao likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilitoa hukumu kwamba haki zao zilivunjwa. Na katika hukumu hiyo mna jambo linalohusu swali letu moja kwa moja: majaji walisema uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa Waogiek, kwani ulitokana na uvamizi wa wengine, na hatua za serikali yenyewe za kumega msitu na kutoa vibali vya kukata miti bila busara. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia. Pamoja na hayo yote, Novemba 2023 familia za Waogiek ziliondolewa tena msituni.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Methali hii inadhani kwamba mchuma janga anaishi na wa kwao, kwamba ukileta balaa itakuingia mlangoni mwako mwenyewe, na hofu hiyo ndiyo inayokuzuia. Katika jamii ambayo watu wanakaribiana kwa hali, methali hii hufanya kazi kama sheria. Mzee aliyekata mti wa kwenye chemchemi alikunywa tope pamoja na majirani zake, na wajukuu zake walimsimanga. Lakini pengo likiwa kubwa, mchuma janga hali tena na wa kwao. Anachuma Kilwa, anakula mjini. Anamega Mau, na kisima cha nyumbani kwake kimechimbwa kwa mashine. Chemchemi ikikauka, atanunua maji ya chupa. Mvua ikikosekana, atanunua mchele wa nje. Anapata faida yote na hasara haimfikii. Mwenzake anapata hasara yote na faida haimfikii. Watu hawa wawili wakiwekwa meza moja waamue hatima ya msitu, hawazungumzii msitu mmoja.

Na kwa kweli mara nyingi hawawekwi meza moja. Hilo ndilo dhara la pili la pengo: linamnyima sauti yule anayejua. Mwanamke anayetembea kilomita kadhaa kutafuta kuni ndiye wa kwanza kuona msitu unarudi nyuma, na ndiye wa mwisho kuulizwa. Mwezi Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, jijini Nairobi, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kwa watu binafsi, walipigwa mpaka wakavuja damu. Yeye alikuwa profesa, na dunia ilimfahamu. Karura, wenye kiasi cha hekta elfu moja, upo hadi leo na watu wanatembea humo. Najiuliza ni misitu mingapi iliyotetewa na mama asiye profesa, asiye na mwandishi wa habari pembeni yake, na leo haipo.

Dhara la tatu ni lile nililolisikia kwa mtu wa baiskeli: pengo huua imani. Mtu akiona mkubwa anapitisha lori usiku, kuacha kukata kwake hakuitwi tena uadilifu na majirani; kunaitwa ujinga. Baya zaidi ya mti uliokatwa ni ile hoja inayobaki kijijini baada ya lori kuondoka, kwamba mwenye haya amepunjwa.

Sasa niwatendee haki wanaonipinga, kwani hoja zao si nyepesi.

Wa kwanza atasema: usawa haupandi miti. Watu wakiwa sawa wanaweza vilevile kuumaliza msitu kwa usawa. Nakubali, na mfano tunao. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la majani na miti lisiguswe hadi kiangazi, mifugo ipate malisho. Kwanza mapori mengi yalifyekwa kwa kampeni za kumaliza mbung'o. Halafu, katika miaka ya 1970, watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Nia ilikuwa usawa, lakini kilichokuwa cha watu wote kikawa hakina wa kukilinda, na ardhi ikawa tupu. Mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipoacha kuwaletea watu miche wasiyoitaka na kuwarudishia desturi yao pamoja na mamlaka ya kuilinda, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi katika miongo miwili iliyofuata. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki vilichipua vyenyewe vilipoachwa.

Funzo ninalolipata hapo ni kwamba usawa wa kugawana utupu hausaidii. Kinachosaidia ni mtu kuwa na haki juu ya kitu, na haki hiyo iheshimiwe hata kama mwenyewe ni mnyonge. Tena hata Shinyanga hadithi haikuishia pazuri kwa wote: mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alifaidi ngitili kuliko mjane mwenye mbuzi wawili. Miti ilirudi, pengo likabaki. Kwa hiyo sisemi kwamba msitu hauwezi kurudi pale ambapo watu hawajalingana. Nasema kwamba msitu uliorudi namna hiyo umesimama juu ya mguu mmoja.

Wa pili atasema: wewe unamtetea maskini kana kwamba hana akili wala dhamiri. Hoja hii naiogopa zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba huruma ya watu wa mjini mara nyingi ni dharau iliyovaa kanzu. Ukisema mchoma mkaa hana hiari yoyote, umemtoa katika kundi la watu wenye maadili na kumweka pamoja na mchwa. Yule mtu wa baiskeli asingependa. Yeye alikuwa na mambo aliyokataa kuyafanya: aliniambia kuna mti wa mizimu ya ukoo ambao hajawahi kuugusa, na kuna bonde lenye maji ambalo vijana wa lori tu ndio huingia. Alikuwa na mpaka wake. Basi naye ana sehemu yake katika lawama, na kumnyang'anya lawama hiyo ni kumnyang'anya utu.

Lakini sehemu hiyo ni ya ukubwa gani? Hapa ndipo ninapoona kanuni ambayo kila mzazi anaijua. Ukiwakuta watoto watatu wamevunja chungu, humchapi wa miaka minne sawa na wa miaka kumi na mitano. Kila mmoja analaumiwa kwa kadiri ya alichoweza kufanya badala yake. Mwenye njia moja tu mbele yake analaumiwa kidogo. Mwenye njia tano, akachagua ile iliyoangusha msitu, analaumiwa zaidi. Na sisi tuliokaa katikati, tunaokula chakula kilichoivishwa kwa mkaa na kukalia viti vya mninga bila kuuliza vimetoka wapi, tunazo njia chache, lakini si moja. Lawama, kama kodi ya haki, inapaswa kupanda pamoja na uwezo. Katika nchi zetu imekuwa ikishuka. Anayekamatwa ni mwenye baiskeli.

Utamaduni huo wa kumkamata wa chini hatukuuanza sisi. Wakoloni wa Kijerumani walipotenga misitu ya pwani kuwa mali ya serikali, mkazi aliyeokota kuni katika ardhi ya babu zake aligeuka mwizi kwa siku moja, huku mbao zikiendelea kusafirishwa. Tuliirithi sheria pamoja na mtazamo wake: kwamba hatari kwa msitu inatoka kijijini, na mlinzi wake anatoka ofisini. Imetuchukua karibu karne nzima kuanza kufikiri kinyume. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, viliruhusiwa kuulinda vyenyewe msitu ambao serikali ilitaka kuuchukua, na uharibifu ukapungua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaipa njia hiyo nguvu, kijiji kikaweza kutangaza msitu wake na kubaki na mapato yake.

Na huko Kilwa, wilaya ileile iliyovamiwa na magogo, kuna vijiji vilivyopiga hatua. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii. Ni wilaya ileile, miti ileile ya mpingo, na watu walewale ambao miaka sita kabla walikuwa wakiitwa tishio kwa misitu. Wao hawakuwa wametajirika. Kilichobadilika ni kwamba mti ukiuzwa, fedha inahesabiwa mbele ya mkutano wa kijiji. Na usipouzwa mwaka huu, utakuwa wao mwaka ujao. Walipewa sababu ya kuwa na subira.

Sidai kwamba vijiji hivyo ni pepo. Viongozi wa vijiji nao hula, na ndani ya kijiji pia kuna mwenye nacho na asiye nacho. Mpingo mmoja unachukua miaka sabini au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na sijui binadamu gani anaweza kuahidi uaminifu kwa miaka sabini. Lakini angalau pale swali limeulizwa mahali pake.

Kwa hiyo, mtu akiniambia tena kwamba umaskini ndio unaomaliza misitu, nitamwomba aongeze maneno machache. Aseme umaskini wa nani, unaomnufaisha nani, na nani ameukataza msitu huo kuwa wa yule anayeishi nao. Anayetaka kupanda miti na apande. Nami nimepanda yangu michache na sioni aibu kwa uchache wake. Lakini miti mingi zaidi ingebaki hai kama ushuru wa mkaa ungemrudia mchomaji katika msitu wenye mipaka aliyokubali, kama mtungi mdogo wa gesi ungemfikia mama wa kopo kwa fedha ya siku, kama lori la usiku lingesimamishwa kabla ya baiskeli ya mchana. Hayo ni mambo ya haki kabla ya kuwa mambo ya misitu.

Shoka lina mpini, na mpini umeshikwa na mkono. Tumeutazama sana mkono huo, tukauandikia sheria na kuutoza faini. Ni wakati sasa wa kumtazama aliyelinunua shoka, na kujitazama sisi tulioagiza kuni.